Deni la Jukwaani: Umma, Viongozi na Ngazi ya Nyuklia Asia Kusini

Jioni ya tarehe 10 Mei 2025, Vikram Misri, katibu mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya India, alitokea mbele ya waandishi wa habari kwa muda mfupi tu. Alisema wakuu wa operesheni za kijeshi wa India na Pakistan wamezungumza kwa simu, na wamekubaliana kusitisha mapigano ya nchi kavu, angani na baharini kuanzia saa kumi na moja jioni hiyo. Nchi mbili zenye silaha za nyuklia zilikuwa zimeshambuliana kwa makombora na droni siku nne mfululizo, na yeye ndiye aliyeleta habari kwamba yamekwisha. Haukupita muda akalazimika kuifunga akaunti yake ya X, kwa jinsi matusi yalivyokuwa yakimiminika. Aliitwa msaliti, na familia yake nayo haikusalimika. Waliomtukana walikuwa raia wenzake. Siku mbili kabla yake, baadhi ya vituo vya televisheni vya India vilikuwa vimewakesheza watu kwa habari kwamba bandari ya Karachi inateketea na Islamabad imetekwa. Halikuwepo la kweli hata moja. Lakini mtu aliyeaminishwa kwamba jeshi lake limeingia Islamabad, akiambiwa vita vimesitishwa, ataona amenyang'anywa ushindi.

Wanaoandika kuhusu hatari ya nyuklia Asia Kusini hupenda kuhesabu vichwa vya nyuklia. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm ilikadiria mwaka 2025 kwamba India ina takriban 180 na Pakistan takriban 170. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila haituelezi kinachomfanya waziri mkuu ashindwe kusema "basi" siku ya tatu ya mapigano. Mara nyingi kinachomzuia ni yale aliyoyasema mwenyewe siku ya kwanza, jukwaani, wakati maiti hazijazikwa zote. Kwa maoni yangu, umma wa nchi hizi hauna kiu ya vita kama viongozi wanavyodai. Viongozi ndio wanaokopa hasira zake, na kwa miaka kumi sasa deni hilo limekuwa likilipwa kwa ushindi ambao hakuna anayeweza kuuthibitisha. Njia hiyo ya kulipa imeanza kuziba.

Mwaka 1994 mtaalamu wa siasa wa Marekani, James Fearon, aliandika makala ambayo mpaka leo haikwepeki katika mjadala huu. Alieleza kwamba kiongozi anayetoa kitisho hadharani anajifunga: akirudi nyuma, wananchi wake watamwadhibu, na adui, kwa kulijua hilo, atakiamini kitisho chake. Ahadi ni deni, na hapa mdai ni mpiga kura. Kama ni upande mmoja tu uliojifunga, mwingine unajua la kufanya na mgogoro unaweza kuisha mapema. Balaa huanza pale pande zote mbili zinapojifunga kwa wakati mmoja, kila moja mbele ya watu wake, maana hapo hakuna aliyebaki na nafasi ya kupisha.

Ndiyo maana mgogoro mkubwa kuliko yote wa nyuklia ulimalizwa kwa siri. Oktoba 1962 Rais John Kennedy alikuwa amewatangazia Wamarekani kupitia televisheni kwamba makombora ya Kisovieti lazima yaondoke Kuba. Usiku wa tarehe 27, mdogo wake Robert alimweleza Balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, kwamba makombora ya Marekani aina ya Jupiter yaliyoko Uturuki nayo yataondolewa, kwa sharti kwamba jambo hilo lisitajwe popote. Miezi michache baadaye yaliondolewa kimyakimya, na kwa miaka mingi umma wa Marekani uliamini kwamba kiongozi wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, alinywea bila kupewa chochote. Dunia ilipona kwa sababu watu wa upande mmoja hawakuambiwa ukweli wote. Si jambo la kupendeza kuliandika kwa mtu anayeishi kwa kalamu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ipo faraja inayorudiwa mno, kwamba watu wa kawaida wanaichukia nyuklia na kwa hiyo wao ndio breki. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mmoja wa viongozi sita waliotia saini Azimio la Delhi la Januari 1985, pamoja na Rajiv Gandhi na Olof Palme wa Sweden, na tegemeo lao kubwa lilikuwa sauti ya watu wa dunia nzima. Miaka ile tegemeo hilo lilikuwa na msingi. Mamia ya maelfu walikuwa wakiandamana New York na katika miji ya Ulaya. Hata hivyo, kura za maoni zinatuonya tusiipe imani hiyo uzito kupita kiasi. Agosti 1945 kampuni ya Gallup iliwauliza Wamarekani kuhusu mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, na asilimia 85 wakaunga mkono. Ukisema hao walikuwa wamechoshwa na vita, wapo wa juzi. Katika utafiti uliofanywa mwaka 2015 na kuchapishwa 2017, Scott Sagan na Benjamin Valentino waliwapa Wamarekani kisa cha kubuni: vita na Iran vimekwama, na ama wanajeshi 20,000 wa Marekani wafe katika uvamizi, ama mji mmoja wa Iran upigwe bomu la nyuklia na raia 100,000 wafe. Walio wengi walichagua bomu. Idadi ya raia ilipopandishwa hadi milioni mbili, karibu nusu waliendelea kulichagua. Chuki dhidi ya nyuklia ipo, lakini imestawi zaidi kwa watu ambao ndugu zao hawako vitani.

Asia Kusini yenyewe iliona jambo hilo Mei 1998. India ilifanya majaribio yake tarehe 11 na 13, watu wakacheza barabarani na kugawiana peremende. Waziri Mkuu wa Pakistan, Nawaz Sharif, alipigiwa simu na Rais Bill Clinton mara kadhaa akisihiwa asijibu. Alijibu tarehe 28, na mitaa ya Pakistan nayo ikafurika. Siku hiyohiyo serikali yake ilitangaza hali ya hatari na kuzuia akaunti za fedha za kigeni, kwa hofu ya vikwazo. Mtu aliyeshangilia barabarani na ambaye alikuwa ameweka akiba yake ya dola benki hakuweza tena kuitoa kama dola. Tarehe 28 Mei inaadhimishwa hadi leo kama siku ya fahari ya taifa, na si wengi wanaokumbuka zile akaunti.

Kwa ushahidi huo mtu angeweza kuhitimisha kwamba umma ni hatari tupu. Historia ya bara hilo inakataa. Mwaka 1999, wanajeshi wa Pakistan walipopenya hadi vilele vya Kargil, Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee aliliruhusu jeshi lake la anga kupigana lakini akalikataza kuvuka Mstari wa Udhibiti unaoigawa Kashmir. Marubani walilazimika kulenga vilele kutoka upande wao tu, na siku za mwanzo walipoteza ndege. Vita hivyo vilionyeshwa kwenye televisheni kuliko vita vyovyote vya India vilivyotangulia, majeneza yakifika vijijini mbele ya kamera. Vajpayee hakubadilisha amri. Miezi michache baadaye muungano wake ulishinda uchaguzi.

Novemba 2008 mtihani ulikuwa mgumu zaidi. Washambuliaji 10 waliotoka Karachi kwa njia ya bahari waliiteka Mumbai kwa muda wa siku tatu na kuua watu 166, huku dunia ikitazama hoteli ya Taj ikiwaka moto. Katikati ya balaa hilo mtu mmoja alimpigia simu Rais Asif Ali Zardari wa Pakistan akijifanya waziri wa mambo ya nje wa India na kumtolea vitisho, na jeshi la anga la Pakistan likawekwa katika hali ya tahadhari. Waziri Mkuu Manmohan Singh alishauriwa kupiga. Shivshankar Menon, aliyekuwa katibu mkuu wa mambo ya nje wakati huo, ameandika baadaye kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotaka jibu la kijeshi, na kwamba kadiri miaka ilivyopita aliona uamuzi wa kutopiga ulikuwa sahihi. Uchaguzi ulifika Aprili na Mei 2009. Chama cha Singh, Congress, kilitoka viti 145 kikapanda hadi 206. Sidai kwamba wapiga kura walimzawadia Singh kwa uvumilivu wake. Kulikuwa na uchumi, kulikuwa na mpango wa ajira vijijini. Inatosha kwamba hawakumwadhibu.

Kilichobadilika baada ya hapo ni siasa zaidi ya mioyo ya watu. Mkuu wa serikali ya jimbo la Gujarat wakati ule, Narendra Modi, alifika Mumbai kabla mapigano hayajaisha na kuikosoa hotuba ya waziri mkuu mbele ya waandishi. Uvumilivu wa mwenzake akaufanya udhaifu, na kwa hoja hiyo, pamoja na nyingine, akapanda hadi Delhi kama waziri mkuu mwaka 2014. Mtu aliyejenga jina kwa kuwacheka waliovumilia hana ruhusa ya kuvumilia.

Hapo ndipo utaratibu wa pekee ulipozaliwa. Baada ya kambi ya jeshi ya Uri kushambuliwa Septemba 2016, India ilitangaza tarehe 29 mwezi huo kwamba makomando wake wamevuka Mstari wa Udhibiti usiku, wamepiga vituo vya wanamgambo na kurudi salama. Pakistan ilijibu kwamba hakuna aliyevuka. Kulikuwa na kurushiana risasi mpakani tu kama kawaida. Tazama uzuri wa jibu hilo. Kisichotokea hakihitaji kulipiziwa kisasi. Delhi ilipata ushindi wake, Rawalpindi, yaliko makao makuu ya jeshi la Pakistan, ikapata utulivu wake, na kila umma ukaamini habari ya nyumbani kwake. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.

Februari 2019 pakacha lilivuja tena, safari hii likiwa na mzigo mzito. Tarehe 14 gari lililojaa baruti liliuparamia msafara wa askari wa India huko Pulwama, wakafa 40. Nchi ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi, na mwezi mmoja nyuma filamu ya Uri, iliyotukuza operesheni ya 2016, ilikuwa imejaza majumba ya sinema kiasi kwamba waziri mkuu mwenyewe aliurudia msemo wa filamu hiyo mbele ya wasanii. Alfajiri ya tarehe 26 ndege za Mirage 2000 ziliangusha mabomu karibu na Balakot, ndani ya jimbo la Khyber Pakhtunkhwa. India haikuwa imeishambulia Pakistan yenyewe kwa ndege tangu vita vya 1971.

Wa kwanza kutoa habari hiyo hakuwa mshambuliaji. Msemaji wa jeshi la Pakistan, Meja Jenerali Asif Ghafoor, aliiweka Twitter kabla hakujapambazuka vizuri, akisema ndege za India zimetupa mabomu yake kwa haraka na kukimbia. Baadaye Delhi ikasema imeua idadi kubwa sana ya wanamgambo. Waandishi walipofika mlimani walikuta mashimo, misonobari iliyokatika na mwanakijiji aliyejeruhiwa kidogo. Picha za setilaiti zilionyesha majengo ya madrasa iliyodaiwa kulengwa bado yamesimama. Kwa Mhindi aliyetaka kisasi, kisasi kilikuwa kimelipwa. Kwa Mpakistani, aibu ilikuwa ya waliopiga miti. Kesho yake Pakistan nayo ikapiga uwanja mtupu upande wa India, ikasema imechagua hivyo makusudi, na katika mapambano ya angani ikaiangusha MiG-21 moja. Rubani wake, Abhinandan Varthaman, aliokolewa na wanajeshi wa Pakistan mikononi mwa wanakijiji waliokuwa wakimpiga. Baadaye akaonekana kwenye video, uso umevimba, kikombe mkononi, akiisifia chai. Waziri Mkuu Imran Khan alimrudisha kupitia mpaka wa Wagah tarehe 1 Machi. Pakistan ikabaki na kikombe cha ushindi wake. India ikasema rubani wake alikuwa ameangusha F-16, jambo ambalo Pakistan imelikana hadi leo, ikampa nishani.

Ukweli mwingine uliwekwa kando. Siku ileile ya mapambano, jeshi la India liliitungua kwa makosa helikopta yake lenyewe huko Budgam, wakafa wanaanga sita na raia mmoja. Mkuu wa jeshi la anga alikiri kosa hilo hadharani Oktoba 2019, miezi kadhaa baada ya uchaguzi. Chama cha Modi, BJP, kilikuwa kimeshanyakua viti 303. Kwenye kampeni, huko Barmer jimboni Rajasthan, waziri mkuu aliuliza umati kama mabomu ya nyuklia ya India yamewekwa kwa ajili ya sikukuu ya Diwali. Umati ulishangilia.

Wapo wataalamu wanaoyatazama yote haya na kusema mfumo unafanya kazi: kila upande unadanganya watu wake, heshima inahifadhiwa, vita havitokei. Nakubaliana nao kuhusu usiku mmoja mmoja. Nawapinga nikitazama muongo mzima. Mwaka 1965 mwanafikra wa Marekani Herman Kahn aliupanga upandaji wa mapigano kama ngazi yenye daraja 44, akidhani kwamba serikali yenye akili inaweza kupanda na kushuka itakavyo. Asia Kusini inatufundisha kwamba uongo wa ushindi unasaidia kushuka leo, lakini unaipandisha daraja ya kuanzia kesho. Mwaka 2016 walivuka makomando kwa miguu. Kwa kuwa watu waliambiwa ule ulikuwa ushindi, mwaka 2019 wasingeridhika na miguu, zikaenda ndege. Kwa kuwa Balakot nayo iliitwa ushindi, mwaka 2025 ilibidi kuwe na zaidi ya Balakot.

Na kukawa. Tarehe 22 Aprili watu 26, wengi wao watalii, waliuawa huko Pahalgam, Kashmir. Siku mbili baadaye Modi alihutubia mkutano huko Madhubani, jimboni Bihar, ambako uchaguzi ulikuwa unakaribia. Katikati ya hotuba ya Kihindi aligeukia Kiingereza ili dunia nayo isikie kwamba magaidi na wanaowaunga mkono watafuatwa hadi mwisho wa dunia. Deni lilikuwa limeandikwa kwa lugha mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei makombora yalipiga sehemu tisa, zikiwemo Bahawalpur na Muridke katika jimbo la Punjab, ambalo ni moyo wa Pakistan. Maelezo rasmi ya Delhi yalisisitiza kwamba shambulio lilipimwa na halikugusa kambi yoyote ya jeshi. Siku tatu baadaye kambi za jeshi ndizo zilizokuwa zikipigwa, ikiwemo Nur Khan ya Rawalpindi, jirani na ofisi zinazosimamia silaha za nyuklia za Pakistan. Asubuhi hiyo jeshi la Pakistan lilisema kikao cha mamlaka inayosimamia silaha hizo kimeitishwa, kisha waziri wa ulinzi akakanusha kwamba kipo. Dunia ilielewa ilichotakiwa kuelewa.

Safari hii ukungu ulikuwa mwembamba zaidi. Pakistan ilisema imeangusha ndege za kivita za India, na picha za mabaki zilikuwa kwenye simu za watu kabla wizara hazijaamka. Mkuu wa majeshi ya India, Jenerali Anil Chauhan, alikiri mwishoni mwa Mei akiwa Singapore kwamba ndege zilipotea, bila kutaja ngapi. Setilaiti za biashara zilionyesha mashimo kwenye njia za ndege za Pakistan. Hata tangazo la kusitisha mapigano halikuachiwa wenyewe. Rais Donald Trump aliwatangulia mtandaoni, na hapo Delhi ikalazimika kuwaeleza watu wake kwamba haikusukumwa na mtu. Njia iliyotumika 1962, ya kupeana kitu gizani, leo haimalizi saa moja bila kuanikwa.

Upande wa Pakistan deni linasomwa tofauti kidogo. Nawaz Sharif alikubali huko Washington tarehe 4 Julai 1999 kuwaondoa watu wake Kargil; kabla mwaka haujaisha, Jenerali Pervez Musharraf alikuwa amempindua. Anayerudi nyuma pale huogopa kambi ya jeshi kabla ya sanduku la kura. Lakini hata jeshi linauhitaji umma. Kabla ya Mei 2025 jina lake lilikuwa limechafuka kutokana na mvutano na wafuasi wa Imran Khan. Siku nne za mapigano zililisafisha, na mkuu wake, Asim Munir, akapandishwa cheo kuwa Field Marshal, wa pili katika historia ya nchi hiyo. Kwa hiyo pande zote mbili zimejifunza kwamba mapigano mafupi yanalipa. Sijui somo jingine lililo hatari zaidi ya hilo kwa nchi zenye silaha hizi, hasa kwa kuwa Pakistan haijawahi kuahidi kutotangulia kuzitumia.

Tarehe 12 Mei Modi aliwaambia wananchi kwamba operesheni imesimamishwa tu, haijakwisha, na kwamba India haitakubali kutishwa kwa nyuklia. Serikali yake ilikuwa imeshasema kwamba tendo lolote la kigaidi la baadaye litahesabiwa kuwa tendo la vita. Ahadi hiyo inamkabidhi ufunguo mtu asiyejulikana mwenye baruti: yeye ndiye atakayechagua siku ya vita. Ilijaribiwa mapema. Tarehe 10 Novemba 2025 gari lililipuka karibu na Red Fort jijini Delhi na kuua zaidi ya watu 10. Baraza la mawaziri likauita ugaidi wa maadui wa taifa, bila kuitaja Pakistan, na hakuna kombora lililorushwa. Serikali iliyokuwa imejifunga kwa kamba nene ilipata njia ya kutoka kwa kutotaja jina.

Nadhani hapo pana funzo lenye faida kuliko mapendekezo mengi ya makongamano. Kiongozi ana saa chache, kati ya mlipuko na hotuba, ambazo bado ni zake. Akimtaja adui na kuueleza ushindi kabla ya uchunguzi, siku zinazofuata si zake tena. Ni za watangazaji wa usiku, za wenye simu, na za jenerali wa upande wa pili aliyejifunga vilevile. Vyombo vya habari navyo vina hesabu ya kutoa. Ukungu uliomwokoa Kennedy ulikuwa wa kunyamaza. Ule wa Mei 2025 ulikuwa wa kuzua, na kuzua hakumpunguzii mtu yeyote deni, kunaliongezea riba.

Kuhusu wapiga kura, utetezi wa siku zote ni kwamba wasingeelewa, wasingesamehe. Wa 1999 walielewa. Wa 2009 hawakumtupa mtu aliyekataa kupiga baada ya Mumbai, hata baada ya kuangalia Taj ikiungua kwa siku tatu. Mwanasiasa anayesema hana budi kushambulia kwa sababu umma unamlazimisha aulizwe kwanza ni nani aliyeuahidi umma huo, na kwa hesabu ya nani.